Uliza mguu, usiulize mgongo

Kuna sentensi moja imekuwa wimbo mtaani: "Nina neva imebanwa kwa mgongo." Msee ameamka Jumatatu, ameinama kuokota soksi, mgongo ukakataa kurudi juu. Kufika saa nne asubuhi ashajipima, ashajipatia jina la ugonjwa, na marafiki washamtumia video tatu za jamaa anayekunja watu viuno hadi vinalia kah! kah! kama muwa. Hakuna hata mmoja amemuuliza swali lenye maana: mguu uko aje?

Msimamo wangu ni huu. Wengi wetu tunaosema tumebanwa neva hatujabanwa neva yoyote. Ni msuli umekaza. Na wachache ambao neva imebanwa kweli, hao mara nyingi ndio utasikia wakisema "ni uchovu tu, nitakuwa fiti." Tumeweka hofu mahali si pake na utulivu mahali si pake, na hiyo inakula watu pesa, inawalaza kitandani bure, na kuna wengine inawaachia mguu usiofanya kazi.

Kabla mtu aniitishe cheti: sina. Nilitoka kampasi mwaka wa pili na kozi yenyewe ilikuwa ya biashara. Kazi yangu ni kukaa kwa kiti cha plastiki nikihariri video hadi usiku wa manane, kwa hivyo maumivu ya mgongo nayajua kama jirani. Lakini haya ninayoandika si siri ya madaktari. Ni vitu vya mwanzo kabisa ambavyo kila mwanafunzi wa fiziotherapia anafundishwa, na hakuna sababu mtu wa kawaida asivijue.

Mimi naona shida inaanzia kwa lugha. Neno "mshipa" tumelipa kazi nyingi kuliko mshahara wake. Damu inapita kwa mshipa. Neva ni mshipa wa fahamu. Kano inayoshika msuli kwa mfupa, watu wanaiita mshipa. Hata ngiri, ukiuliza wazee, ni mshipa. Sasa shosho akikuambia "huo ni mshipa umekaza," anaweza kuwa anamaanisha kitu chochote kati ya hivyo, na pengine anamaanisha msuli tu. Lakini wewe mjukuu unachukua simu, unatafuta "mshipa kubanwa", simu inakuletea neva, uti wa mgongo, na picha ya mtu akipasuliwa. Unalala ukiwa mgonjwa wa tafsiri.

Wachezaji wa mpira wako na maneno safi zaidi. Wao husema "nimeshikwa na misuli." Unaona mtu ameanguka dakika ya 85, kigimbi kimekuwa jiwe, mwenzake anamsukumia wayo nyuma, baada ya muda anasimama. Hakuna mtu uwanjani anasema neva yake imebanwa. Mgongo nao unaweza kufanya hivyo hivyo. Misuli miwili mirefu iliyo pande mbili za uti wa mgongo, na ile mingine iliyo ndani zaidi, inaweza kujikaza yenyewe na kukataa kuachilia. Tofauti ni kwamba hii ni misuli mikubwa, iko kazini tangu uamke, na haina mtu wa kuisukumia wayo.

Na kukaza huko kunauma. Hapo ndipo wengi hupotea. Tunafikiri maumivu yana cheo: yakiwa kidogo ni msuli, yakiwa makali ni neva, yakikufanya ulie ni lazima kuna kitu kimevunjika. Hapana. Msuli wa kiuno ukikaza vizuri unaweza kukutoa machozi, ukashindwa kugeuka kitandani, ukatembea umepinda upande mmoja kama mti wa pwani, na bado hakuna kitu cha hatari hapo ndani. Wiki mbili baadaye unacheza mpira. Kwa upande mwingine, neva inaweza kubanwa, ikauma siku kadhaa, halafu maumivu yakapungua, na wewe ukashangilia, kumbe mguu umeanza kufa nguvu. Wembe wa maumivu haukuambii ni nini kimeharibika. Ukitaka kujua, angalia yanaenda wapi, na mguu unafanya nini.

Wacha nieleze kiufundi kidogo, haitachukua muda. Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na katikati ya kila pingili mbili kuna diski. Diski ni kama donati ya jemu: nje kuna ringi ngumu, ndani kuna ute laini. Neva zinatoka pembeni, karibu na hizo diski, jozi kwa jozi. Zile za chini kabisa zinaungana kuwa neva moja kubwa inayopita nyuma ya makalio, inashuka nyuma ya paja, inagawanyika karibu na goti, na inafika hadi kwa vidole. Hiyo ndiyo neva nene kuliko zote mwilini. Ringi ya diski ikichanika, ute unaweza kusukumwa nje na kuigusa neva pale mwanzo wake. Watu husema "diski imeteleza," lakini diski haitelezi kama sabuni, imeshikwa pande zote mbili na pingili. Inavimba au inapasuka, basi. Tumelijua hili tangu 1934, madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, walipochapisha kwamba diski iliyotokeza ndiyo inayoleta maumivu ya mguu kwa wagonjwa wao. Yaani madaktari walikuwa wanatafuta jibu la mguu, na walilipata kwa mgongo.

Ndiyo maana nasema uliza mguu. Neva ni kama waya ya stima. Ikibanwa hapa, taa inazima kule mwisho. Neva ya kiuno ikibanwa, kelele kubwa husikika chini: maumivu yanapiga kutoka makalioni, yanapita goti, yanaingia kigimbi, yanafika kwa wayo. Yanakuja kama umeme au kama moto, kwa mstari ambao unaweza kuuchora kwa kidole. Kuna ganzi, au ile hisia ya siafu wanatembea. Mara nyingi ni mguu mmoja. Na watu wengi wenye diski iliyopasuka watakuambia mguu unauma kuliko mgongo wenyewe. Ukikohoa, ukipiga chafya, au ukijisukuma chooni, mguu unapigwa shoti.

Msuli hauna huo mstari. Unauma pale pale: pembeni mwa uti, labda juu ya makalio, sehemu unayoweza kufunika kwa kiganja. Ukibonyeza unapata kamba ngumu na unaruka. Unauma ukisogea kwa namna fulani na unatulia ukipata mkao fulani. Ukiweka chupa ya maji moto unashukuru Mungu. Miguu yote miwili iko sawa, ina nguvu, inahisi. Na mara nyingi kuna hadithi: ulibeba mtungi wa gesi hadi gorofa ya nne, ulihama keja, ulirudi jimu baada ya miezi minne ukataka kuinua kama hukuwa umetoka. Au hakuna hadithi yoyote, uliamka tu hivyo. Hiyo pia hutokea.

Ngoja niweke breki kidogo, juu kuna watu watasoma hapo waseme "mguu unauma, basi ni neva." Haiendi hivyo moja kwa moja. Misuli na viungo vidogo vya mgongo vinaweza kurusha maumivu hadi makalio na nyuma ya paja, maumivu mazito yasiyo na mpaka, yanayokaa kama uzito. Kwa kawaida hayavuki goti na hayaleti ganzi. Yakivuka goti, yakiwa na mstari, na kuna ganzi au udhaifu, hapo neva inaanza kuwa mshukiwa wa kweli. Na pia vyote viwili vinaweza kuja pamoja: neva ikiwashwa, misuli ya kando inajikaza kuilinda, kwa hivyo unapata kiuno kigumu na mguu wa umeme kwa wakati mmoja. Ukweli mwingine ni kwamba nikisema "msuli" hapa natumia jina la mkato. Kuna mishikizo, kuna viungo vidogo, na hata daktari mzuri mara nyingi hawezi kukuonyesha kwa kidole ni kipi hasa. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema karibu visa 9 kati ya 10 vya maumivu ya mgongo wa chini havina chanzo kimoja mahususi kinachoweza kuonyeshwa. Na tunaongea kuhusu jambo ambalo mwaka 2020 lilikuwa na watu milioni 619 duniani. Hakuna kitu kingine kinachowatoa watu kazini na kwa maisha ya kawaida kuliko hiki.

Sasa, vitu unaweza kufanya mwenyewe ukiwa kwa keja, bila kulipa mtu.

Tembea kwa visigino, vidole vikiwa juu, kutoka mlangoni hadi dirishani. Kama keja yako ni kama yangu, hizo ni hatua nne, lakini zinatosha. Kidole gumba na sehemu ya mbele ya mguu mmoja ikianguka yenyewe, na wa pili uko sawa, hiyo si msuli wa mgongo. Halafu simama kwa mguu mmoja, shika ukuta, panda kwa vidole mara kumi. Badilisha mguu. Upande mmoja ukikataa kabisa kupanda huku mwingine ukipanda bila shida, weka hilo akilini. Neva zinazotoka pale chini zimegawana kazi: moja inainua kidole gumba na inahisi juu ya wayo, nyingine inasukuma kigimbi na inahisi ukingo wa nje wa wayo, na ya juu yake inashughulikia goti na upande wa ndani wa muundi. Ndiyo maana mtaalamu akikupima anakuchezea vidole vya miguu huku wewe unashangaa, "si nimesema ni mgongo?" Anafanya kazi yake vizuri sana. Ogopa yule ambaye hakugusi mguu hata kidogo.

Kuna kipimo kingine, kinaitwa kwa jina la Mfaransa Lasègue. Unalala chali, mtu anakuinulia mguu polepole goti likiwa limenyooka. Ikiwa neva imebanwa, kabla mguu haujafika juu sana umeme unashuka chini ya goti, na ukivutwa wayo kuelekea kwako unazidi. Wengi wetu tukifanya hivi tunahisi nyuma ya paja ikivuta na tunaanza kupiga simu nyumbani. Hiyo ni misuli ya paja iliyokauka kwa kukaa. Utaihisi miguu yote miwili, na haishuki.

Sasa nifike mahali ambapo sitaki utani.

Kuna hali moja ambayo ni nadra, lakini ikitokea unahesabu saa, huhesabu siku. Diski inapasuka katikati na kubana kifungu chote cha neva za chini, zile zinazoendesha kibofu, choo, na sehemu za siri. Dalili zake: ganzi mahali ambapo ungekalia tandiko la baiskeli, yaani kati ya mapaja, sehemu za siri, na kuzunguka njia ya haja kubwa. Mkojo unakataa kutoka ingawa kibofu kimejaa, au unatoka bila wewe kujua. Choo kinakuponyoka. Miguu yote miwili inauma au inalegea. Ukiwa na mgongo unaouma na yoyote kati ya haya, unaenda hospitali kubwa yenye idara ya dharura usiku huo huo. Hungoji asubuhi, hungoji mshahara. Neva hizo zikikaa zimebanwa muda mrefu, kuna zile ambazo hazirudi.

Na sisi tumetengeneza mazingira ambayo kijana hawezi kusema hayo. Fikiria vile mgongo unaongelewa huku nje. Ukisema mgongo unauma, mbogi nzima inacheka na kuuliza jana ulikuwa na nani. Muuza mizizi mjini na spika yake anataja "dawa ya mgongo" na "nguvu za kiume" kwa pumzi moja, kana kwamba ni kiungo kimoja. Sasa kijana wa miaka 22 ambaye hahisi sehemu zake za siri atamwambia nani? Atanunua kifuko cha unga wa mizizi, atachemsha, atangoja. Wasichana nao, ukisema mgongo unaambiwa ni siku zako. Mimi naona hii aibu ni hatari kuliko diski. Diski iliyopasuka ina matibabu.

Kuna zingine chache ambazo si msuli na si neva, na nitazipitia haraka. Maumivu ya ubavuni na homa na mkojo unaochoma, hiyo angalia figo. Maumivu ya mgongo yanayoendelea kwa wiki, pamoja na jasho la usiku, kupungua uzito, kukohoa au kuishi na mtu mwenye TB: TB huingia kwa uti wa mgongo, na kwa nchi yetu si hadithi ya zamani. Umeanguka na boda na mgongo unauma katikati ya mfupa, usiruhusu mtu akunyooshe, piga picha kwanza. Na wewe wa shule ya upili unayecheza kriketi, jimnastiki au voliboli, mgongo unauma ukiinama nyuma, umekaa hivyo wiki tatu: kuna ufa mdogo wa mfupa ambao huwapata wanamichezo wa umri wako hasa. Kocha akikuambia ujikaze, usikubali, nenda upimwe.

Turudi kwa biashara, kwa sababu kuna biashara.

Binamu yangu ni wa boda. Kiuno kilimshika baada ya siku ndefu kwa barabara ya mawe, akaingia kwa duka la dawa karibu na steji. Hakuulizwa swali lolote. Aliambiwa ageuke. Sindano ya makalio, vidonge vya siku tano, "hiyo ni neva, rudi Ijumaa nikuongezee." Ijumaa akarudi. Ukiangalia hapo, neno "neva" limefanya kazi ya uuzaji. Ukiambiwa "ni msuli, pasha moto, tembea tembea, utakuwa sawa," utalipa mara moja tu au usilipe kabisa. Ukiambiwa neva, utalipa hadi ukope. Na kuna kejeli moja chungu hapa: ile neva kubwa niliyoeleza inapita ndani ya makalio. Sindano ikidungwa vibaya, mahali pasipofaa, inaweza kuipiga hiyo neva yenyewe. Kwa hivyo kuna watu walioingia na msuli na wakatoka na neva. Sisemi dawa za maumivu ni mbaya. Nasema zile za kundi la diklofenaki zinachokoza vidonda vya tumbo na figo ukizimeza kama njugu, na kwamba sindano haina uchawi ambao kidonge hakina kwa msuli uliokaza.

Upande wa wenye pesa kidogo, biashara ni picha. Mtu ana siku nne tangu mgongo uanze, mguu uko fiti, anataka MRI. Anakopa, anachangiwa, analipa maelfu, anarudi na karatasi inasema "diski imevimba." Anaanza kutembea kama yai. Lakini watafiti walikusanya vipimo vya watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo, matokeo yakachapishwa 2015. Kati ya wale wa miaka 20, karibu asilimia 30 walikuwa na diski iliyovimba, na asilimia 37 walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa. Miaka 20! Hawaumwi chochote. Yaani ukichukua watu kumi kwa matatu yenu ya chuo, wazima kabisa, watatu wangetoka na karatasi ya kutisha. Usain Bolt ana uti uliopinda, amesema mwenyewe, na 2009 pale Berlin alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58. Picha bila dalili za mguu ni picha tu. MRI ina kazi yake: mguu ukilegea, mkojo ukigoma, homa na kupungua uzito, au maumivu ya neva yanayokataa kupungua wiki sita na kuendelea. Hapo pigana uipate hata kama ni kwa mchango.

Wale wa kuvunja viuno mitandaoni, sitawamaliza maneno. Ile sauti ya kah! ni hewa inayojitokeza ndani ya kiungo. Hakuna mfupa "umerudishwa mahali pake." Ukisikia nafuu baadaye, sawa, msuli unaweza kulegea kwa muda. Lakini mtu anayekukunja kiuno bila kukuuliza kama una ganzi kati ya mapaja, huyo anacheza karata na kibofu chako. Mikanda ya kiuno pia, ile inauzwa hadi kwa foleni ya magari: mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya mgongo ya muda mrefu na mikanda iliwekwa kwa orodha ya vitu visivyopendekezwa.

Najua mtu mwenye akili ataniuliza: kama ni hivyo, kwa nini nijisumbue kutofautisha? Si ukienda hospitali kwa msuli au kwa neva, wiki za kwanza unaambiwa vitu vile vile? Ni swali zuri, na kusema kweli ni kweli kwa sehemu kubwa. Wote wawili wataambiwa waendelee kusogea, wapashe moto, wameze dawa ya maumivu kwa kipimo, wasilale. Hata diski nyingi zilizopasuka hujirudi zenyewe, mwili unazila polepole, na watu wengi wenye maumivu ya neva wanapata nafuu bila kisu.

Ila kuna tofauti mbili zinazofanya nisikubali kuviita kitu kimoja. Ya kwanza ni saa. Msuli unakupa siku kadhaa hadi wiki chache. Neva inaweza kukupa wiki sita, kumi na mbili, au zaidi. Ukijua una neva, hutavunjika moyo wiki ya tatu ukaanza kuzunguka kwa waganga. Ukijua una msuli, na wiki ya sita bado uko pale pale, utajua kuna kitu hakijakaa sawa na utarudi. Ya pili ni ulinzi. Mwenye msuli anaweza kupumzisha akili. Mwenye neva ana kazi ya kila asubuhi: kutembea kwa visigino, kupanda kwa vidole, kugusa wayo pande zote mbili na kulinganisha. Nguvu ikipungua, hata kama maumivu yamepungua pia, anatoka nyumbani siku hiyo hiyo. Mtu ambaye hajui anacho nini hawezi kufanya ulinzi huo.

Na hili la kutolala lina ushahidi wa siku nyingi. Mwaka 1995 watafiti wa Ufini waliwagawa wafanyakazi wa jiji la Helsinki wenye maumivu ya mgongo makundi matatu: wa kulala siku mbili, wa kufanya mazoezi maalum, na wa kuendelea na maisha kadiri wanavyoweza. Waliopona haraka zaidi ni hao wa tatu. Mathe wangu hakubali hii hadi leo. Kwake mgongo ukiuma unalala kwa godoro gumu, uji unaletwa. Nampenda, lakini kwa hili tutaendelea kubishana. Kuendelea na maisha haimaanishi kubeba simiti siku ya pili. Inamaanisha utembee hadi dukani, ubadilishe mkao kila nusu saa, uinuke kwa kiti, ufanye kile kinachowezekana leo na kesho uongeze kidogo.

Sisi wa kukaa kwa viti, kwa njia, tusijidanganye kwamba kuna mkao mmoja mtakatifu utakaotuokoa. Nimeona watu wananunua kiti cha bei ya pikipiki kuukuu na bado wanaumwa kwa sababu wanakaa ndani yake masaa kumi bila kuinuka. Kiti cha plastiki na alamu ya kusimama kinashinda. Zamani walisema pochi nene ya mfuko wa nyuma hubana ile neva ya makalio. M-Pesa imetutoa hapo, angalau.

Siku ukienda kumwona daktari au mtu wa fiziotherapia, usiseme "nina neva." Ukisema hivyo unampa jibu kabla hajauliza. Mwambie ilianza lini na ulikuwa unafanya nini. Mwonyeshe kwa kidole maumivu yanaanzia wapi na yanaishia wapi, hasa kama yanavuka goti. Mwambie kuna ganzi wapi, taja na kati ya mapaja hata kama unaona haya. Mwambie mkojo na choo vinaendaje. Mwambie ni mwendo gani wa visigino au vidole ulikushinda, na upande upi. Hayo yote ni dakika mbili. Na ukiona anaandika sindano kabla hajakugusa mguu, muulize kwa heshima: "Daktari, hutaki nitembee kwa visigino kwanza?"